Moyo Uliokwenda Kushoto

Shangazi yangu ana tabia moja iliyomkosesha wachumba wawili: hawezi kukiacha kitu bila kujua ndani kina nini. Wa kwanza alimletea saa ya mkononi, naye akaifungua kwa pini pale pale mezani, mbele ya mwenyewe, kabla hata ya kusema asante. Wa pili alimuuliza, kwa upole kabisa, kama nywele zile ni zake au za kubandika. Mwanamume akaaga kwamba anakwenda dukani kununua maji, na mpaka leo bado anayanunua.

Sasa ni mtu mzima, mvi zimemjaa, anaishi nasi katika chumba cha uani, na mtaa mzima unamwita Mama Mayai. Msije mkadhani anauza mayai. Ni fundi wa maabara, amesomea, ana cheti, na ole wake mtu atakayemdhania mfagiaji aliyebahatika kupewa koti jeupe. Mimi ni dereva wa teksi. Nayasimulia haya kwa sababu nilikuwepo, nikayaona kwa macho yangu, na nimechoka kuwasikia watu wakiyapotosha.

Maabara yenyewe ni vyumba viwili nyuma ya jengo kubwa. Kimoja kina mashine ya kuatamia mayai, kingine kina meza ndefu, hadubini na sinki linalovuja tangu nilipoanza kumpeleka kazini. Mayai huletwa na mfugaji, yale yenye mbegu ya jogoo. Yakishakaa kwenye joto siku moja na ushei, Shangazi huyafungua. Anapasua ganda, anamimina ute pembeni, anabaki na kiini cha njano, na juu ya kiini kuna kitu kidogo cheupe, karibu hakionekani, kama ukucha wa mtoto mchanga. Hicho ndicho kijusi, ndiye kuku wa baadaye. Anakizungushia kipete cha karatasi, karatasi inaushika utando, anakata pembeni kwa mkasi mdogo, anakiinua kwa kibano, anakisuuza kwenye maji ya chumvi na kukilaza kwenye kisahani cha kioo. Mkono wake hautikisiki. Mimi hata kutunga uzi kwenye sindano ni vita.

Na ndani ya kitu hicho, amini usiamini, kuna moyo unaodunda. Aliwahi kunionyesha. Mwanzoni ni kibomba tu kilichonyooka katikati, halafu kinaanza kujikunja, na kikijikunja hutokeza upande wa kulia wa kuku. Kulia tu. Ufungue mayai mpaka ulale njaa, ni kulia.

Mwenye maabara tunamwita Daktari. Ni mzee mpole, mwembamba, wa kukiomba radhi hata kiti akikigonga. Alikuwa na swali lake la miaka mingi: je, yai likiatamiwa limepinduliwa, ncha nyembamba juu na upande mpana chini, moyo utajua njia yake? Shangazi aliposikia swali hilo hakulala. Wakayapindua mayai wakaanza kuyafungua, na loo! Mioyo ikatokeza kushoto. Si mmoja wala wawili. Mayai ya kawaida kulia, mayai yaliyopinduliwa kushoto, wiki baada ya wiki.

Daktari akaandika makala, ikachapishwa katika jarida wanalosoma wakubwa wa fani hiyo dunia nzima, na chini ya jina lake likawekwa la Shangazi. Msichukulie mzaha jambo hilo. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuchapishwa popote. Babu, ambaye ndiye baba yake, aliwaeleza watu wote wa kwa kinyozi kwamba binti yake ameugeuza moyo wa kuku. Mmoja akamuuliza faida yake ni nini. Babu akamjibu, "Faida utaijua wewe uliyezaliwa na moyo mahali pasipo pake?" Mimi sikujua maana yake, na Babu pia hakujua, lakini kibanda kizima cha kinyozi kilinyamaza.

Shangazi hakuringa. Alibadilika tu namna ya kutembea.

Kisha yakaja maneno. Maabara nyingine, kubwa kuliko yao, mji mwingine, ilijaribu kufanya vile vile ikashindwa. Mayai waliyapindua, wakayafungua, na mioyo yote kulia. Wakajaribu tena, kulia. Profesa wa huko, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, akaandika kwamba kile kitu hakipo. Daktari akajibu kwamba kuku wao ni wa aina nyingine. Wakaagiza kuku wa aina ile ile. Akajibu kwamba mashine yao ina joto kupita kiasi. Wakashusha joto. Ikawa nipe nikupe, makala kwa makala, na pembeni wambeya wakaanza kunong'ona kwamba mayai ya mzee hayakupikwa, yaliyopikwa ni matokeo.

Neno hilo lilimkata Shangazi maini. Nilikuwa namrudisha nyumbani jioni moja akaniambia, "Mimi nimeona, mwanangu. Sikuambiwa. Nimeona kwa macho haya."

"Basi wao vipofu," nikasema. Mimi kwetu ni kwetu.

"Hawa si vipofu. Hiyo ndiyo inayonisumbua."

Mwishowe yule Profesa akatoa rai ya kiungwana. Alisema: mtuletee huyo mama anayefungua mayai. Afungue hapa, kwa mikono yake, sisi tutazame. Ikitokea kushoto, nitaandika kwamba nilikosea mimi. Ikitokea kulia, makala iondolewe. Daktari akakubali, ila yeye akasema hatakwenda, watu wasije wakasema alisimama pale kumwongoza. Kila kitu kikabaki mikononi mwa Shangazi: jina lake, jina la mzee wa watu, na kibanda cha kinyozi wa Babu.

Nikampeleka mimi. Alikataa mayai ya huko, akabeba yake mwenyewe, trei mbili kiti cha nyuma zimefungwa mkanda kama abiria, na ya tatu mapajani. Kila tuta alishika pumzi. "Polepole!" "Shangazi, nikienda polepole zaidi ya hapa tutapitwa na konokono." "Na tupitwe." Nilifika mgongo umeniuma kwa kuendesha taratibu.

Maabara ya Profesa ilikuwa chumba kirefu, sakafu inang'aa, kila meza na taa yake. Mayai yakawekwa kwenye mashine yao, nusu yamelala kama kawaida, nusu yamepinduliwa, sisi tukapumzika nyumba ya wageni mpaka wakati wake ukafika. Shangazi hakula. Mimi nilikula chake.

Siku ya kufungua, watu walijaa ukutani wakiwa na makoti yao. Juu ya hadubini waliweka kamera, na picha ikawa inaonekana kwenye skrini kubwa kama ya kutazamia mpira. Shangazi akavaa glavu, akaniangalia mara moja, akaanza.

Akafungua ya kawaida kwanza. Kwenye skrini ukaonekana mchirizi mweupe, kichwa juu, na pembeni kitu kidogo kinachodunda. Kulia. La pili kulia. Yote ya kawaida kulia, kama inavyotakiwa.

Akachukua lililopinduliwa. Nilimwona akipunguza mwendo. Mayai yaliyopinduliwa ni manyonge, aliwahi kunieleza, kijusi chake kinagandia na kuchanika kwa jambo dogo, kwa hiyo hukishughulikia kwa upole zaidi. Akakikata, akakiinua, akakisuuza, akakilaza, akatoa kipete cha karatasi ili picha iwe safi kama Daktari anavyopenda. Akasogeza kisahani chini ya kamera.

Moyo ulikuwa kushoto.

Mtu mmoja ukutani akasema, "Aisee!" Profesa akasogea mpaka pua karibu iguse skrini. Shangazi akafungua jingine. Kushoto. Jingine. Kushoto. Mimi roho ilikuwa inataka kutoka, nikajikuta nimepiga vigelegele peke yangu katika chumba cha wasomi, na kijana mmoja mwenye miwani akacheka, na baada yake wakapiga makofi wote.

Profesa hakupiga makofi upesi. Alisimama, mikono kiunoni. Kisha akasema kwa ile sauti yake, "Mimi nachunguza jinsi mabawa ya kuku yanavyoota, moyo si fani yangu. Sielewi ninachokiona, lakini nimekiona. Mama, nilikukosea." Akampa mkono. Akamwomba Shangazi simu, akampigia Daktari yeye mwenyewe, akamwambia. Tulimsikia mzee kwenye simu akijaribu kujibu na sauti ikimkatika. Alikuwa analia. Miaka miwili ameitwa mwongo, sasa aliyeanzisha maneno hayo anamwomba radhi. Na mimi nililia, sioni aibu.

Wakaenda kunywa chai chumba cha pili. Shangazi akasema atakuja, asafishe kwanza. Ni mtu wa hivyo, hawezi kuacha meza chafu hata ya watu. Nikabaki naye, nikimhadithia jinsi nitakavyoingia kwa kinyozi na kuwaambia.

Akawa anakusanya visahani. Kimoja kikagonga ukingo wa hadubini, maji yakacheza, na kijusi kikapinduka majini. Kwa kuwa ni yeye, hakukimwaga. Alikirudisha chini ya hadubini akachungulia. Nikaona mabega yake yamesimama.

"Nini?" nikamuuliza.

Akachukua kibano, akakigeuza. Akachungulia. Akakigeuza tena. Akachungulia. Nikamfuata. "Shangazi, nini?"

"Weka mkono wako wa kulia mezani," akaniambia. "Kiganja chini. Dole gumba linaelekea wapi?"

"Kushoto."

"Sasa ulaze kwa mgongo wake. Kiganja juu."

Nikageuza. Dole gumba likaenda kulia. Mkono ni ule ule. Nikakaa natazama dole gumba langu kama nimelipata siku hiyo.

"Haya ya kawaida," akasema polepole, "mimi huyalaza mgongo juu, karatasi ikiwa juu, kama yalivyokaa kwenye kiini. Yale yaliyopinduliwa yanachanika, kwa hiyo nayalaza juu ya karatasi. Karatasi inakuwa chini, godoro lao. Tumbo linakuwa juu." Akakigusa kwa ncha ya kibano. "Kisha naitoa karatasi, kwa ajili ya picha. Nani atajua tena kipi kilikuwa juu? Kijusi ni chembamba hivi, unaona mpaka upande wa pili. Yote yako kulia, mwanangu. Yote yalikuwa kulia tangu mwanzo. Haya tulikuwa tunayatazama tumboni, wenzetu wakiyatazama mgongoni."

Niseme ukweli wangu: kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kufunga mlango.

"Shangazi," nikamwambia, "nani ameona?"

"Mimi."

"Na mimi, na mimi sijui kitu, mimi dereva. Mwaga hivyo visahani tuondoke. Wameshapiga makofi. Yule mzee umemsikia. Unataka kumuua?"

Sitasema hakutamani. Nilimwona kabisa akitamani, alishika kisahani kimoja akakielekeza kwenye sinki. Nikaomba moyoni amwage. Kisha akakirudisha chini ya hadubini, na unajua alifanya nini? Akaanza kuyageuza yaliyobaki, moja moja, kuangalia kama ni kweli yote. Yaani hata pale, jina lake likiungua, alikuwa anataka kujua!

"Nikinyamaza," akasema, jicho kwenye kioo, "nitarudi kazini kesho na kufungua mayai, na nitakuwa najua, na itabidi nijifanye sijui. Kila siku. Mimi siwezi kazi hiyo. Fungua mlango."

Nikafungua. Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kuubamiza.

Walirudi na vikombe mikononi wakitabasamu. Shangazi hakuanza na maelezo. Alisukuma kisahani chini ya kamera, moyo kushoto, kwenye ile skrini kubwa. Akashika kibano. "Naomba mtazame," akasema, akakigeuza kijusi. Moyo ukawa kulia, ukiendelea kudunda kana kwamba hakuna lililotokea. Akakirudisha, kushoto. Ndipo akawaeleza habari ya karatasi, godoro na mgongo, kwa sauti kavu, kama anayesoma bei za vitu.

Yule kijana wa miwani aliangalia chini. Profesa aliweka kikombe mezani na kusema, taratibu kwa mara ya kwanza, "Na mimi nilisimama hapo nikaomba radhi." Hakumwambia pole. Alivuta kiti akampa akae, na nadhani hiyo ilikuwa bora.

Daktari alipaswa kuambiwa na Shangazi mwenyewe. Alimpigia akiwa amesimama dirishani, mgongo ametugeuzia. Aliongea kifupi. Kisha akabaki na simu sikioni, akiitazama bustani. Kisha akaishusha.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amekata."

Tukaondoka. Trei tupu nyuma zilikuwa zinagongana, sikuwa na moyo wa kuzifunga mkanda. Tulipotoka nje ya mji Shangazi akaanza kulia, si kilio cha kujificha, kilio cha sauti, cha msibani. Alilia kwa ajili ya mzee. Alilia kwa ajili ya Babu atakayekwenda kunyolewa na kuulizwa. Alisema, "Ni mikono yangu. Niliyaonea huruma yasichanike, na mikono yangu ndiyo iliyotudanganya." Nilitaka kumwambia nilikwambia unyamaze, nikayameza maneno yangu. Kuna siku hata mimi huwa na akili.

Simu ikalia. Alikuwa Daktari. Shangazi hakuthubutu kuishika, nikasimamisha gari kando ya barabara, nikaipokea kwa sauti ya nje, nikaiweka katikati yetu.

"Dada," Daktari akasema. Tulisikia pumzi yake. "Samahani kwa kukata. Nilikuwa na hasira. Bado ninayo."

"Una haki, Daktari."

"Kesho nitaandika barua ya kuiondoa makala. Jina langu na lako yatatoka pamoja. Nitasema ni nani aliyeligundua kosa."

"Sawa."

Lori likapita likatutikisa. Nikadhani ameshakata tena.

"Dada, ulipoyageuza, mioyo ilikuwa bado inadunda?"

"Ilikuwa inadunda."

"Yote ilikwenda kulia? Yale yaliyopinduliwa, yote?"

"Yote, Daktari. Nimeyaangalia moja moja. Hakuna hata mmoja uliokosea."

"Hata mmoja," mzee akasema. Sauti ilikuwa imebadilika, sijui niieleze vipi, ilikuwa kama ya mtu aliyesimama ghafla njiani. "Tumeyasimamisha kichwa chini, tumeyanyima kulala yanavyolala, yakawa manyonge mpaka yanachanika kwa kuguswa. Miaka yote hiyo. Na hata mmoja haukupotea njia."

Shangazi akapangusa uso kwa kiganja. Aliinama karibu na simu.

"Moyo umejuaje?" akauliza. "Gizani mle, umepinduliwa, umejuaje kulia ni wapi?"

"Wako wanaojua kidogo," Daktari akasema. "Kidogo sana. Mimi sijui."

"Na mimi sijui."

"Basi njoo mapema kesho," akasema. "Mfugaji analeta mayai asubuhi."